Sungura Hafungwi Utepe: Namna ya Kumchukua Kutoka Kituoni

Sungura wangu wa kwanza alikuja na utepe mwekundu shingoni. Nilimnunua mwenyewe, mkesha wa sikukuu, dakika chache kabla duka halijafungwa. Binti yangu alikuwa na miaka saba na mimi sikuwa na wazo jingine la zawadi. Muuzaji aliniambia mambo matatu: ni jike, ana miezi miwili, na sungura hawana kazi. Tukamwita Malkia.

Hakuna hata moja kati ya matatu hayo lililokuwa kweli. Malkia alikuwa dume. Daktari wa wanyama alipomwona siku ya tisa, akihara na kukataa kula, alikadiria kwamba tulimchukua kabla hajatimiza wiki sita. Mtoto wa sungura anatakiwa akae na mama yake mpaka wiki ya nane hivi, tumbo lake lizoee kusaga nyasi. Akitengwa mapema, tumbo huharibika kirahisi na mara nyingi haponi. Malkia alikufa siku ya kumi na moja. Utepe binti yangu bado anao.

Baada ya hapo nilikwenda kujitolea katika kituo cha wanyama waliotelekezwa, zamu ya Jumamosi, chumba cha sungura. Ni mwaka wa nane sasa. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia watu wanaopiga simu, ila kwenye simu huwa sina muda wa kuyamaliza.

Kwa nini simu hulia miezi mitatu baada ya sikukuu

Sikukuu yenyewe kituoni kwetu huwa kimya. Wiki zinazofuata pia. Simu huanza mwezi wa tatu au wa nne, na maneno ni yale yale: "Alikuwa mpole, sasa amebadilika." Anakojoa kila kona. Anamkimbiza paka. Anang'ata mkono unaotia chakula. Jike anachimba zulia na kunguruma, ndiyo, sungura hunguruma.

Hajabadilika, amebalehe. Kutegemea aina yake, sungura hubalehe kati ya miezi mitatu na nusu na sita. Piga hesabu: aliyenunuliwa akiwa na wiki nane anabalehe hasa wakati mapambo ya sikukuu yameshasahauliwa na mtoto amepata kitu kingine cha kuchezea. Na kama walinunuliwa wawili "wa kike wote", huenda sasa ni wanane. Kutofautisha dume na jike kwa watoto ni kazi ngumu hata kwa mwenye uzoefu. Mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine ndani ya saa chache tu baada ya kuzaa.

Katika nchi ambako sungura ni alama ya Pasaka jambo hili limezoeleka kiasi kwamba huko Marekani kuna kampeni inayowasihi watu wanunue sungura wa chokoleti. House Rabbit Society, shirika lililoanzishwa California mwaka 1988, limekuwa likihubiri haya haya kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine yote ushike huu: chukua sungura mzima, aliyekwisha kuhasiwa au kutolewa kizazi. Watu hutaka mtoto kwa sababu anapendeza, na kwa sababu wanadhani mtoto ndiye atakayewazoea. Kumbe mtoto wa sungura hujui atakuwa nani. Mwenye miaka mitatu amekwisha kuwa yeye: mpole ni mpole, mkorofi ni mkorofi, mwoga unamwona. Tabia hizo sisi tumeshaziandika kwenye kadi ya mlango wake. Upasuaji nao mara nyingi kituo kimeshaufanya, na kwa jike si anasa. Jike asiyetolewa kizazi yuko katika hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba akizeeka.

Kabla hujaja

Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka minane mpaka kumi na miwili. Chukua umri wa mtoto wako, ongeza kumi. Binti yangu angekuwa anamaliza shule. Ndiyo maana swali la "ni sungura wa nani?" lina jibu moja tu: wa mtu mzima wa nyumba hiyo. Mtoto atasaidia, atampenda, atampa jina. Ila anayeamka alfajiri na kuona bakuli halijaguswa awe wewe.

Halafu tafuta daktari kabla ya kutafuta sungura. Si kila daktari wa mbwa na ng'ombe anamjua mnyama huyu, na njia ya haraka ya kujua ni kuuliza: "Nikimleta kwa upasuaji, asile kuanzia usiku?" Akikuambia ndiyo, asubuhi aje na tumbo tupu, shukuru na uage. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo ile sababu ya kumnyima mbwa chakula kwake haipo. Na tumbo lake likikaa tupu husimama kufanya kazi. Swali la pili ni kama anampa amoksilini ya kunywa. Amoksilini na penisilini nyingine za mdomoni huua vijidudu vinavyofanya kazi tumboni mwake, na sungura hufuata. La tatu ni viroboto: dawa zenye fipronili, zinazotumika sana kwa mbwa, ni sumu kwake. Daktari mzuri hatachukia kuulizwa. Wangu alicheka, akasema angetamani wote waulize.

Muulize pia chanjo zipi zinatolewa mahali mlipo. Maradhi mawili yanayotisha zaidi ni miksomatosisi na homa ya sungura ya kutokwa damu, ambayo iligunduliwa China mwaka 1984 na ikaja kwa sura mpya Ufaransa mwaka 2010. Homa hiyo inaweza kuua sungura ambaye jana yake alikuwa akirukaruka.

Nafasi: sahau kizimba cha waya cha dukani. Shirika la Uingereza la ustawi wa sungura linapendekeza eneo la mita tatu kwa mbili, lenye kimo cha mita moja, kwa ajili ya wawili. Mtu akisikia hivyo hushtuka, lakini uzio wa kukunja kwenye kona ya sebule unafika huko bila shida. Sakafu isiwe ya waya kwa sababu miguu yake haina nyama ya kukanyagia kama ya paka. Huchubuka na kuoza. Nyaya za umeme ziinue au zipitishe ndani ya bomba gumu. Kwa sungura waya ni mzizi uliomzibia njia ya shimo lake, nao sharti ukatwe. Mimi nimepoteza chaja nne na simu ya mezani.

Kama kuna mtu nyumbani anayepiga chafya ovyo, njoo naye akae saa nzima chumbani kwetu, ashike sungura, ashike na nyasi. Mara nyingi mkosaji ni nyasi. Ni afadhali ajue akiwa kwetu.

Siku ya kuja kuchagua

Njoo asubuhi sana au jioni. Mchana sungura hulala macho wazi, na wageni wa saa saba hutuambia wote wamepooza. Vua viatu, keti sakafuni, usimwite, usimfuate. Subiri. Anayekuja kunusa soksi yako ana jambo la kusema.

Tumekulia hadithi za sungura mjanja anayewapiku simba na fisi. Ujanja wa huyu wa kweli ni mmoja, nao ni kuficha maumivu. Yeye ni windo. Anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa. Kwa hiyo usitazame sura yake tu, tazama ushahidi. Geuza taratibu miguu ya mbele uone upande wa ndani: manyoya yaliyogandamana na kuloa maana yake amekuwa akifuta makamasi, hata kama pua unaiona kavu. Tazama chini ya mkia, pawe pasafi. Tazama visigino. Mwombe mhudumu akuonyeshe meno ya mbele, ya juu yaangukie mbele kidogo ya yale ya chini. Kisha tazama choo chake. Vidonge viwe vya mviringo, vikubwa, vinavyolingana, vikivunjwa vionekane kama nyasi iliyosagwa. Vidogo, au vilivyoungana kama tasbihi kwa uzi wa manyoya, uliza.

Usichukue mmoja ukiweza kuchukua wawili. Najua, ulikuja kwa ajili ya mmoja. Lakini porini hawaishi peke yao, na saa zile nane uko kazini hakuna binadamu anayemsafisha masikio. Wawili waliokwisha kuzoeana kituoni hawaongezi kazi sana: sanduku lile lile la choo, fungu kubwa zaidi la nyasi. Wenzi wanaopatana kirahisi ni dume na jike ambao wote wamefanyiwa upasuaji. Angalizo: dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa muda wa wiki sita hivi, kwa hiyo uliza tarehe.

Tutakuuliza maswali. Una nyumba ya kupanga? Mwenye nyumba anajua? Nani atamtunza ukisafiri? Wengine hukasirika, huona tunawahoji kama washukiwa. Tunauliza kwa sababu majibu hayo ndiyo tunayoyasikia mapokezi sungura anaporudishwa. Kituo kisichouliza chochote, ningekitilia shaka. Na ukiona hujawa tayari, ondoka mikono mitupu. Hatutakununia. Mama mmoja alikuja mara tano katika mwaka mzima kabla hajachukua mtu, na wale wawili wake ndio wanene kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye picha (nilimwambia apunguze pelleti, kile chakula cha vidonge cha dukani).

Kuhusu zawadi

Mtoto ameahidiwa, sikukuu imefika, unafanyaje? Funga sanduku. Ndani weka bakuli zito la maji la udongo, brashi laini, mfuko wa nyasi kavu na karatasi yenye tarehe ya kwenda kituoni, wiki mbili au tatu baadaye. Mtoto ana kitu cha kufungua, na wiki zile tatu ana kazi: kutengeneza nyumba ya boksi yenye milango miwili. Lazima iwe miwili, maana sungura haingii pahali asipoona pa kutokea.

Usimlete sungura siku yenyewe ya sherehe. Nyumba imejaa wageni, muziki, watoto wa watu, mlango unafunguliwa na kufungwa. Kwa mnyama anayesikia mlio wa funguo na kudhani ni mwewe, siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Pia usimpelekee mtu mwingine sungura kwa kumshtukiza, hata kama ni dada yako na unamjua vizuri.

Chakula, kwa haraka

Nyasi kavu, kila siku, lundo linalolingana na mwili wake, lisiishe kamwe. Hiyo ndiyo zaidi ya asilimia 80 ya chakula. Meno yake 28 yote hukua maisha yake yote, yale ya mbele milimita mbili au zaidi kwa wiki, na kinachoyasaga ni nyasi. Lusini (malisho ya alfalfa) ni ya watoto wa chini ya miezi sita tu. Majani mabichi mkono mmoja. Pelleti ni kidogo mno, gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake. Karoti ni peremende. Kipande cha ukubwa wa kucha kinatosha. Parachichi, vitunguu na chokoleti ni sumu.

Chukua kituoni mfuko wa chakula alichozoea na ukichanganye na kipya kwa siku kumi. Na ukimwona alfajiri ameinama akila kitu moja kwa moja kutoka matakoni, usimzuie. Kile ni kinyesi laini chenye vitamini na protini, anakipitisha mara ya pili kama ng'ombe anavyocheua.

Wiki za kwanza

Sungura niliye naye sasa anaitwa Kobe. Jina lilikuwa utani wa kituoni, maana alikuwa mwepesi wa kila kitu isipokuwa kumwamini mtu. Alikuwa na miaka mitano, ameshapita nyumba mbili.

Siku tatu za kwanza sikufanya lolote ila kubadilisha maji na nyasi na kukaa sakafuni nikisoma. Hili ndilo gumu kwa watoto, na kwa watu wazima wanaotaka picha. Sungura huona karibu pande zote, hata nyuma, lakini hana macho ya mbele ya pua yake. Mkono unaomjia usoni humtokea kama nyoka. Mwendee kutoka ubavuni, gusa paji la uso kwanza. Usimwinue bila sababu. Ukilazimika, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, umkumbatie mwilini mwako, maana akirusha teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Masikio si mpini. Na zile video za sungura aliyelazwa chali akatulia kama amelala ni za sungura aliyekufa ganzi kwa hofu.

Choo alikijua ndani ya siku nne. Weka sanduku kwenye kona aliyoichagua yeye, tandika karatasi au vidonge vya karatasi (usitumie mchanga wa paka unaogandamana), na nyasi iwe ukingoni, kwa sababu hula huku akijisaidia.

Siku ya kumi na tisa Kobe alinitafuna kamba ya kiatu, akalala ubavu kwa kishindo. Mara ya kwanza kuona hivyo nilidhani amekufa. Ni furaha. Mruko wa ghafla huku mwili ukijipinda hewani, furaha. Kusaga meno taratibu akikunwa, furaha. Kusaga kwa sauti huku amejikunyata ni maumivu. Na asipokula wala kutoa choo kwa saa kumi na mbili, hiyo ni dharura; usingoje kupambazuke. Mkojo mwekundu, kwa upande mwingine, mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula, na tunapigiwa simu za vilio kila wiki kwa ajili yake.

Joto pia. Hatoi jasho, hupoza mwili kwa masikio. Chumba kikipita nyuzi 28 mwekee chupa ya maji yaliyoganda, imefungwa kitambaa, ajiegemeze.

Kama umeshanunua, au imekushinda

Uliyenunua, hujafukuzwa kundini. Mpeleke kwa daktari wiki hii, uhakikishe jinsia, panga upasuaji, na uendelee na yote niliyosema.

Likikushinda, piga simu kituoni mapema, maana nafasi huwa finyu na hatuwezi kumpokea kila mtu siku hiyo hiyo. Usimwachie msituni eti akaishi na wenzake. Sungura wa nyumbani mweupe kwenye majani mabichi hamalizi usiku mwingi. Na pale wanaponusurika mambo huwa mabaya kwa namna nyingine: Australia bado inahangaika na uzao wa sungura walioachiwa shambani mwaka 1859 kwa ajili ya kuwindwa.

Ukija kumkabidhi, andika karatasi. Anakula nini, anaogopa nini, alichanjwa lini. Tausi, mwenziwe Kobe, aliletwa na mwanamke aliyekuwa akihamia mahali asikoweza kwenda na mnyama. Mimi ndiye niliyekuwa mapokezi. Alilia, akaniachia karatasi iliyokunjwa mara nne: hapendi redio, anapenda kukunwa kati ya macho, akigonga mguu mara tatu bakuli la maji limepinduka. Miezi miwili baadaye nilimchukua Tausi nyumbani. Usiku wa kwanza, kama saa tisa hivi, nikasikia mara tatu, nikaamka kuchukua jagi.